Mjomba wa Mwaloni: Kisa cha Mashine Mbili Zilizoibwa Ziwa Tanganyika

Katika daftari la BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wetu, yaani ufukwe wa kushushia samaki, kuna mstari niliouandika kwa mkono wangu: "Nauli ya kufuatilia mashine, 1,800,000." Haikuwa nauli. Zilikuwa fedha za kukomboa injini ya boti ya mtu kutoka kwa walioiiba, na nilipokuwa naandika nilijua. Wajumbe walikubaliana tuite hivyo, nami nikiwa katibu sikubisha. Mstari huo umenisumbua kuliko wizi wenyewe, na ndio ulionifanya nikikalie kisa hiki tangu mwanzo wake. Mwalo sitautaja. Upo kusini mwa mji wa Kigoma, na mambo machache nimeyageuza ili asitambulike mtu.

Ulikuwa usiku wa giza, yaani siku za kazi. Kwenye uvuvi wa dagaa, mbalamwezi ikiwaka watu hushona nyavu nchi kavu. Giza likirudi ndipo vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, huingia ziwani na taa zao. Saa nane hivi boti nyembamba ilikuja bila taa, ikavisimamisha vipe viwili, kimoja baada ya kingine. Wanaume watano, bunduki mbili. Hawakumpiga mtu. Waliwaamuru vijana wafungue mashine wenyewe, wawapokeze taratibu, na mpira wa mafuta waukunje vizuri usije ukapasuka. Kijana mmoja aliniambia kilichomtisha zaidi ni ule utulivu wao, mmoja alimwambia, "Pole, kaka, ni kazi tu." Vijana walirudi kwa makasia, wakafika saa tatu asubuhi viganja vimechubuka, na wanawake wa kuanika dagaa wamesimama na mabeseni yao matupu.

Mashine moja ilikuwa ya tajiri mwenye vipe vitatu. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja mjane mwenye kipe kimoja tu. Aliinunua kwa mkopo wa VICOBA na alikuwa hajafika hata nusu ya marejesho. Watu hawa wawili waliibiwa usiku mmoja, na watu walewale, na asubuhi ile kila mmoja akashika njia yake. Mama alikwenda kituoni. Tajiri alikwenda kwa Mjomba.

Mjomba si mjomba wa mtu yeyote pale. Ameitwa hivyo kwa sababu anatenda kama mjomba. Msiba ukitokea, sanda na mchele vinatoka kwake kabla mtendaji hajapata taarifa. Mtoto akikosa sare, mama yake anajua mlango wa kugonga. Anauza nyavu na petroli, na petroli anawakopesha vijana wasio na kitu, wala hadai kwa kelele. Serikali ilipofunga uvuvi upande wetu wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana, yeye ndiye aliyekopesha unga kaya moja baada ya nyingine. Hajawahi kuonekana na silaha. Wala hajawahi kusema kwamba anajua mashine ya mtu ilipo. Ukimpelekea shida anakusikiliza hadi mwisho, hakukatizi, kisha anasema maneno mawili: "Ngoja nisikie."

Alisikia kwa siku tatu. Siku ya nne ikaja bei, na tajiri kwa kuwa fedha zake zilikuwa kwenye nyavu mpya, akatuomba BMU tumkopeshe kutoka mfuko wa dharura. Siku ya nane mashine ilirudi imefungwa turubai jipya. Nilikuwepo walipoifungua. Mpira wa mafuta ulikuwa umekunjwa vilevile alivyoukunja yule kijana usiku ule, na kifundo cha kamba aliyofungia hakijaguswa. Alikitambua mwenyewe, ni kifundo alichofundishwa na baba yake. Mashine ile haikuwahi kwenda kuvua Kongo wala Burundi. Ilikuwa imewekwa mahali, inamsubiri mwenyewe aje ainunue tena.

Sote tulikiona kifundo kile. Tajiri alikiona. Na bado walioshuhudia walimshika Mjomba mkono kwa mikono miwili.

Mama naye aliandikiwa RB, namba ya kuonyesha ameripoti polisi. Alirudi kituoni mara nne. Mara ya kwanza mpelelezi amesafiri. Mara ya pili faili halionekani. Mara ya tatu akaambiwa boti ya doria ipo ila mafuta hakuna, labda achangie. Mama akauliza, "Nikichangia mtanipa risiti?" Askari yule akamwambia, "Mama, wewe unataka mashine au unataka risiti?" Mara ya nne hakumkuta mtu wa kuongea naye.

Swali lile la risiti nitalirudia, kwa sababu kwangu ndilo lililobeba kisa chote. Lakini kwanza yaliyompata mama mwaloni. Watu walimnunia, na si kwa kumwogopa Mjomba peke yake. Vipe vyetu vingi vina nyavu za matundu madogo kuliko yanayoruhusiwa, na leseni nyingine zimekwisha muda. Askari akija kutafuta mashine atazikuta nyavu. Habari za Operesheni Sangara ya mwaka 2018 kule Ziwa Victoria zilitufikia hadi huku, za nyavu kurundikwa na kuchomwa moto, na kila mtu alijiona kwenye moshi ule. Basi maneno yakaanza: mama anatuletea moto, mama ameuchoma mwalo. Mjomba alimpelekea unga kilo 25 na salamu za pole, na aliyeuleta akaongeza kwamba Mjomba amesikitika, hakutegemea kuonekana si ndugu. Vijana wawili wa mama wakahamia kipe kingine. Mwanamke waliyekuwa wakichangia chanja ya kuanikia dagaa akaihamisha yake hatua kumi upande wa pili. Hatua kumi nilizihesabu mwenyewe.

Nimewasikia watu wa ofisini wakisema wananchi wanamkumbatia mtu kama Mjomba kwa ujinga, au kwa njaa. Sikubali. Watu wa mwaloni wanapiga hesabu vizuri sana. Kila asubuhi, jua halijapanda, kijana wa ushuru yuko pale kwenye mzani na mashine yake ya kutolea risiti. Hajawahi kukosa, mvua au upepo. Kwa hiyo serikali inaijua njia ya kufika mwaloni. Ila inafika saa kumi na mbili asubuhi kuchukua, na saa nane za usiku, mtu anapoelekezewa bunduki, haipo. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 673 hivi na limegawanywa kwa nchi 4. Boti ikishavuka mpaka ambao jicho haliuoni, askari wa huku hana ruhusa ya kuifuata hivihivi. Mvuvi anayaelewa hayo yote. Kinachomshinda kuelewa ni kwa nini hakuna anayemweleza.

Hapa naomba turudi nyuma kidogo, maana nchi hii yetu ya magharibi iliwahi kulijadili jambo hili kwa neno moja. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji ilikuwa na malipo yaliyoitwa hongo. Watemi walitoza nguo, shanga na waya wa shaba kwa msafara uliopita kwao. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Unyamwezi alipigana na Waarabu wa Tabora akaifunga njia. Stanley, aliyekuwa akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, aliikuta vita hiyo na ikabidi azunguke kusini. Kwa wafanyabiashara, Mirambo na rugaruga wake, yaani wapiganaji wake, walikuwa majambazi. Kwa watu wake alikuwa mtemi, na hadi anafariki mwaka 1884 alitawala dola ambayo wageni walilazimika kuongea nayo. Hongo iliyolipwa kwa mtemi anayekulinda kwenye ardhi yake ilifanana na ushuru. Iliyolipwa ili tu usiporwe na yuleyule anayeipokea, hiyo ilikuwa uporaji. Neno lilikuwa moja, na leo limebaki na maana moja tu, ya rushwa. Nadhani lugha ilitutangulia kuona.

Sasa Mjomba anatoza nini? Anatoa huduma, hilo siwezi kulikana. Ana siku, ana bei, ana neno lake, na neno lake halivunjiki. Tofauti yake na mtu wa ushuru haipo kwenye wema wala kwenye wepesi. Ipo kwenye swali. Tajiri alipopokea mashine yake hakuthubutu kuuliza, "Ilikuwa wapi?" Alijua kwamba akiuliza, mara nyingine haitarudi. Bei ya huduma ya Mjomba ni 1,800,000 na mdomo wako. Mwenye mamlaka ya haki ni yule unayeweza kumuuliza fedha yangu imekwenda wapi, kwa nini hukuja, nani alikuruhusu, na kesho bado ukaishi naye. Risiti ni hiyo. Ni karatasi inayokupa haki ya kurudi na kuuliza. Mama yule hakusoma zaidi ya darasa la saba, na aligusa mahali penyewe, na askari akadhani ni ubishi.

Ndiyo maana askari yule alikosea kuliko alivyojua. Alipoomba mafuta bila risiti alisogea akasimama palepale alipo Mjomba, akiuza kitu kilekile kwa bei isiyojulikana, tena bila uhakika wa kukileta. Kati ya wauzaji wawili wa namna hiyo, mtu mwenye akili atamchagua anayeleta mzigo.

Na genge halihitaji kuwatisha watu kila siku. Kwetu lilibadilisha maneno, nasi tukalisaidia. Mashine iliyoibwa ilikuwa "imelala ng'ambo." Kulipa kuliitwa "kumwona Mjomba." Fedha za ukombozi zikawa nauli, na kwenda polisi kukawa kuuchoma mwalo. Ukiona wizi umepewa jina laini na kushtaki kumepewa jina la moto, ujue mambo yamefika mbali. Mimi mwenye daftari ndiye niliyeliandika hilo jina laini kwa kalamu ya BMU, likapata mhuri. Kazi hiyo Mjomba asingeweza kuifanya mwenyewe.

Hatuko peke yetu katika hili. Mwaka 1995 tetemeko lilipoupiga mji wa Kobe, Japani, genge la Yamaguchi-gumi liligawa chakula na maji kwa waathirika wakati serikali ikilaumiwa kwa kuchelewa. Ule unga wa miezi mitatu ya kufungwa ziwa unafanana na maji yale. Palermo, kisiwani Sicily, mwenye kiwanda cha nguo aitwaye Libero Grassi alikataa kulipa pizzo, malipo ambayo mafia huwatoza wafanyabiashara kwa jina la ulinzi. Januari 1991 alichapisha gazetini barua ya wazi ya kukataa. Wenzake wa biashara walimwacha peke yake, wengine wakamlaumu kwamba anauchafua mji. Tarehe 29 Agosti mwaka huohuo akapigwa risasi akafa. Nilipoisoma habari yake nilimwona yule mama na zile hatua kumi za chanja. Mwaka uliofuata waliuawa mahakimu Falcone na Borsellino waliokuwa wakiliandama genge hilo, na wananchi wa Palermo wakatoka barabarani. Lakini ilichukua hadi mwaka 2004 vijana wachache wabandike vikaratasi mji mzima kukataa pizzo, na baada yake wenye maduka wakaanza kujiorodhesha kwa majina, wengi kwa pamoja, kwamba hawalipi. Grassi akiwa peke yake aliuawa. Walipokuwa wengi na majina yao wazi, kuwaua wote kukawa kugumu.

Huku kwetu tuna somo letu la zamani la kuwa wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wezi wa ng'ombe wenye silaha walipozidi Unyamwezini na Usukumani, wanavijiji wa maeneo ya Kahama na Nzega waliunda sungusungu. Walishika pinde, mishale na filimbi, na kiongozi wao wakamwita ntemi, ingawa utemi ulikwishafutwa kisheria baada ya uhuru. Baadhi yao walikamatwa na polisi. Mwalimu Nyerere na chama wakawatetea, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo kuwapa nafasi ndani ya sheria. Kuna wanaotaka tuwe na sungusungu wa ziwani, na ninawaelewa. Ila tusisahau upande wa pili: watu walipigwa bila kusikilizwa, na vikongwe waliotuhumiwa uchawi waliteswa. Kundi lisiloulizwa nalo hugeuka Mjomba, hata kama lilianza kwa haki.

Nirudi mwaloni. Miezi kadhaa baadaye alikuja polisi kata mpya, dada wa makamo. Aliitisha mkutano chini ya mwembe. Tulitegemea hotuba ya ulinzi shirikishi. Alisimama, akamtafuta mama kwa macho hadi akamwona, akasema: "Mama huyu alikuja kwetu mara nne akarudi mikono mitupu. Hilo ni kosa letu. Na aliyemwomba mafuta hakuwa na ruhusa ya kumwomba." Kisha akanyamaza. Sijawahi kusikia mwembe ule ukiwa kimya namna ile. Mzee mmoja kando yangu alimkumbuka Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977 kwa sababu ya wananchi waliouawa Shinyanga mikononi mwa vyombo vya dola, ingawa si yeye aliyewaua. "Na tukampa nchi mwaka 1985," mzee akasema. Kukiri kosa hadharani hakukuivunja serikali machoni pa wazee hawa. Kulikuwa kama mtu aliyekuwa hayupo amebisha hodi.

Nilimshauri dada yule alete misaada, ashindane na Mjomba kwa unga. Alikataa, na sasa naona alikuwa sahihi. Serikali haiwezi kumshinda Mjomba kwa wepesi, kwa sababu yeye mzigo anao tangu usiku wa wizi. Aliyekutilia sumu hakosi dawa yake. Badala yake alileta daftari. Kila mashine iandikwe namba, jina la mwenyewe na tarehe. Nakala moja kituoni, moja BMU. Nyavu hakuzigusa siku ile. Alisema zitakuwa na siku yake, na tutaambiwa kabla. Na ukurasa wa mwisho akaupigia mistari yeye mwenyewe kwa rula: mtu yeyote atakayerudisha mashine iliyopotea ataandika ameipata wapi na kwa nani, na ataweka sahihi. Yaani mtu atakayeuliza sasa yupo, na si lazima awe mwenye mali peke yake usiku akitetemeka. Mtendaji naye, baada ya kubanwa mkutanoni, alikubali kubandika pale kwenye mzani ushuru uliokusanywa kila mwezi.

Mambo hayakunyooka. Wiki tano baadaye mashine nyingine iliibwa. Mwenyewe alikimbilia kwa Mjomba kama kawaida, na mara hii Mjomba akasikia kwa siku kumi kisha akasema hajasikia kitu. Mashine haikurudi. Mwenyewe alinijia juu akasema daftari letu ndilo lililomnyima chombo, na sikuwa na jibu la kumtosha. Tulichokifanya ni hiki: vipe vyote vilivyotoka vilimtengea beseni moja la dagaa kila usiku kwa wiki mbili, akapata fedha za kukodi mashine. Mama yule ndiye aliyepita kwenye mabeseni akikusanya, na wengi walikuwa hawajamsalimu kwa miezi. Wengine waliangalia chini wakimpa. Walimpa.

Mjomba yupo. Alihojiwa siku moja, akaachiwa, na jioni ile watu walijaa barazani kwake kumpa pole. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kuandikisha mashine zake mbili, mbele ya wote. Ni namba 7 na 8. Kwa mashine 44 tulizonazo, zimeandikwa 31. Wenye 13 zilizobaki nawajua, na baadhi yao ni watu wazuri ambao bado wana deni la petroli.

Ule mstari wangu wa nauli niliupiga kistari kimoja, usomeke bado, na juu yake nikaandika: "Fedha zilizolipwa kukomboa mashine iliyoibwa." Niliwapelekea wajumbe waweke sahihi. Wawili walikataa.

Siku ya kuandikisha, mama alifika wa kwanza, kabla hata meza haijafutwa vumbi. Dada wa polisi akamwambia kwa upole kwamba tunaandika mashine zilizopo. Mama akafungua kanga pindoni, akatoa risiti ya dukani iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani. Kwa hiyo namba 1 ni yake: jina, namba ya mashine, tarehe aliyonunua. Kwenye safu ya mahali ilipo hatukuandika kitu. Kila mwisho wa mwezi anakuja, anaomba daftari, anaweka kidole pale, anauliza.